Nyumba Mbili Ndani ya Chuma Kimoja

Jina la Msokoto hakupewa na wazazi wake, na wala asingelichagua mwenyewe. Alibandikwa na fundi wa lathe, mashine ya kuchongea vyuma vya mviringo, yule bwana waliyemwita Redio kwa sababu mdomo wake ukifunguka asubuhi haufungiki mpaka umeme ukatike. Karakana nzima ikalidaka, likaenea, na haukupita muda hata mlinzi wa getini akawa anamwita hivyohivyo: "Habari za asubuhi, Msokoto." Naye anaitikia, afanye nini? Jina la utani ukilinunia ndiyo kwanza unalilisha.

Usidhani lakini kwamba alilipata bure. Alilipata kwa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la chuma, unaweza kulishika. Ngoja nikueleze, ila twende polepole, maana hapa wengi huachwa njiani halafu wananilaumu mimi.

Mwanamke huyu alikuwa anaendesha mashine ya kukatia chuma kwa waya. Ndiyo, waya! Mwembamba kama uzi wa kushonea, umevutwa wima kati ya vishikio viwili, kimoja juu ya chuma na kingine chini yake, na kazi yote inafanyika ndani ya maji. Waya haugusi chuma. Unapita karibu nacho, umeme unaruka kwa cheche ndogondogo, na cheche ndizo zinazokula chuma kidogokidogo mpaka njia ipatikane. Utamu wa mashine hii ni kwamba kishikio cha juu kinaweza kushika njia yake na cha chini kikashika yake. Juu ukachora duara, chini ukachora mraba, waya ukawa unainama huku na huku kuviunganisha. Na balaa lake ni hilohilo.

Kabla ya kupewa mashine hii alikaa miaka kwenye mashine ya kutobolea. Toboa, sogeza, toboa, sogeza, mpaka akawa anatoboa usingizini na mume wake anaamka na kumwuliza anatafuta nini. Alisoma masomo ya jioni, akaomba, akasumbua, akasumbua tena, mpaka Bosi akainua mikono: "Basi dada, nenda kwenye waya, masikio yangu yapumzike."

Kazi iliyomponza ilikuwa kalibu ya kiwanda cha plastiki. Kalibu ni bonge la chuma kigumu lenye tundu katikati: plastiki iliyoyeyuka inaingia kwa juu, kwenye upana, inatokea kwa chini, kwenye wembamba, ikiwa imeshika umbo. Umbo lenyewe lilikuwa kama nyumba inayochorwa na mtoto wa chekechea. Sakafu, kuta mbili, na mabati mawili yanayokutana kileleni. Nyumba ya chini ndogo, kona zake zote tano kali kama zimekatwa kwa wembe. Nyumba ya juu kubwa zaidi, kona za sakafu kali vilevile, lakini kule paani kona zote tatu zilikuwa zimeviringishwa, duara pana, laini.

Akachora nyumba ya chini, ikakaa sawa. Akachora ya juu, ikakaa sawa. Kompyuta ikamwuliza hizi mbili izikutanishe vipi, naye akaiambia igawanye kwa urefu. Vione vishikio kama watu wawili, wa juu na wa chini: wa juu akifika nusu ya safari yake, wa chini naye awe nusu ya safari yake. Haki sawa kwa wote. Nani angekataa?

Chuma kilikataa. Anayeviringa kona anakata njia ya mkato, na anayeifuata mpaka nchani anatembea zaidi. Kwa vile mikato yote ya nyumba ya juu ilikuwa paani tu, mahesabu ya urefu yakavurugika: wa chini alikuwa ameshaanza kupanda paa, wa juu bado anamalizia ukuta. Upande wa pili mambo yakageuka, wa juu akatangulia na wa chini akachelewa. Waya katikati ukawa unavutwa kama mtoto kati ya wazazi wawili waliogombana. Ulikatika kwenye kona ya kwanza ya paa. Akaunga. Ukakatika tena. Akang'ang'ania mpaka mwisho, na hapo ndipo alipokosea zaidi, kwa sababu waya ukikataa mara mbili mahali pamoja, una neno.

Ukipima juu, nyumba sahihi. Ukipima chini, nyumba sahihi. Lakini kiini, kile kipande cha ndani kinachobaki baada ya kukata, hakitoki. Walikigonga kwa nyundo ya mpira, wakakigonga kwa nyundo yenyewe, na kilipotoka kwa kukwaruza, kuta za tundu zilionekana zimejipinda kama shuka lililokamuliwa.

Redio akachungulia, akapiga mluzi. "Dada, hapa umekata au umefua? Huu ni msokoto!"

Bosi hakufoka, na afadhali angefoka. Alilizungusha lile bonge mkononi, akaliweka mezani taratibu. "Kiwanda kilileta mabonge mawili," akasema. "Limebaki moja. Likiharibika na hilo, kazi zote za namna hii nazipeleka karakana nyingine, na wewe unarudi kutoboa. Sina ugomvi na wewe, dada. Nina ugomvi na chuma kilichoharibika."

Kurudi kutoboa! Aliiona ile mashine ya maisha yake ya zamani, mkono juu mkono chini, na Redio akipita na kikombe cha chai akimpungia. Aliumia, na aliona aibu, na juu ya aibu akapandwa na hasira, ile nzuri inayomfanya mtu ajifunge kibwebwe.

"Hilo la pili silikati mpaka nijue nilipotea wapi," akasema.

"Ukijua utaniambia."

"Nikijua utaona, Bosi."

Lile bonge baya akalitia kwenye mkoba wake akaenda nalo nyumbani. Zito hilo, mkanda wa mkoba ulimkata bega, lakini hakutaka lilale pale karakanani watu wakilitumia kuegeshea mlango na kumcheka kila wakipita.

Siku zilizofuata alikaa mbele ya kompyuta kama aliyegandishwa. Akabadilisha pa kuanzia. Akapunguza mwendo. Akajaribu kukutanisha kwa idadi ya vipande vya mchoro, yaani mistari na miviringo, ikawa vibaya zaidi, maana juu kuna vipande vinane na chini vitano, akajikuta amefunga ndoa kati ya ukuta na bati. Ukiitazama picha kutoka juu, mambo mazuri. Ukiigeuza ubavu, pale kwenye kona ya paa panajipinda tu, panamtazama. Maji ameshayavulia nguo, na kuoga hajui aanzie wapi.

Sasa, mwisho wa juma hilohilo mama mkwe alikuwa anahamia kwao. Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Aliona mwanga na vivuli, sura akazijua kwa sauti. Lakini ukimshika mkono kumwongoza anakuondoa kama inzi. Alikuja na sanduku la nguo na kitanda chake cha mbao, kitanda cha zamani, kirefu, kizito kama dhambi, na akaapa kwamba hatalala kwenye kingine.

Wanakaa ghorofani. Ngazi zao ni nyembamba na zina kona katikati. Mume wake, ambaye ni kinyozi na mikono yake imezoea kubeba mashine ya kunyolea tu, alishika kichwa cha kitanda akatangulia juu. Msokoto akashika miguuni. Mama akakaa chini juu ya sanduku lake, fimbo mapajani.

"Moja, mbili! Moja, mbili!" mume akawa anahesabu kwa sauti ya gwaride, ili waende hatua kwa hatua, sawasawa. Walipofika konani, kitanda kikaingia ukutani. Kubu! Plasta ikamwagika.

"Mbona unanisukuma?"

"Mimi? Wewe ndiye umesimama!"

"Nimesimama kwa sababu ukuta umesimama!"

"Nyamazeni nyote," Mama akasema kutoka chini. "Majirani watadhani mnaachana. Nani yuko ndani ya kona?"

"Mimi, Mama," mume akajibu.

"Basi wewe simama. Mguu usitoke hapo, jigeuze tu. Mkwe wangu, wewe uko nje, zunguka taratibu mpaka mnyooke naye. Na acheni kuhesabu hatua! Hesabuni kona! Mimi nimebeba machela kwenye korido za hospitali mpaka mabega yakaota sugu, na sijawahi kumwaga mgonjwa. Kila mtu ana miguu yake. Tembeeni mnavyotembea, lakini konani mnakutana, mmoja anamngoja mwenzake."

Mume akasimama, akajigeuza. Msokoto akazunguka. Kitanda kikapita bila kugusa popote, wakashangaa wenyewe. Kisha Msokoto akasimama palepale, kitanda hewani, macho yamemtoka.

"Mama, hebu rudia."

"Nirudie nini? Pandisheni kitanda!"

"Mke wangu, tafadhali," mume akalia, "mgongo!"

Walipokitua chumbani kikayumba, kwa sababu ule ukuta ulikuwa umemega kipande cha mguu mmoja. Wakatafuta cha kutilia. Msokoto akaleta lile bonge lililoharibika. Mama, aliyekuwa ameshapanda kwa fimbo yake, akalipokea kwanza, akalipapasa, akatia kidole tunduni, akakishusha ndani taratibu. Kidole kikasimama.

"Hapa pamesokotwa," akasema. "Nani kapasokota?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mume akatazama dari. "Mimi, Mama," Msokoto akasema, na uso ukamwaka.

"Mh." Mama akakitoa kidole. "Basi lilale chini ya kitanda changu mpaka utakaponiletea lililonyooka."

Mwanzo wa juma akaingia karakanani na boksi tupu la karatasi ngumu na kibunda cha uzi mwekundu. Akakata vipande viwili vya karatasi ngumu, kimoja akachora nyumba kubwa, kingine ndogo, akavitenganisha kwa penseli nne zilizosimama kama nguzo. Halafu akaanza kupitisha uzi kwa sindano, kutoka tundu la juu hadi tundu la chini, kama anayefuma kikapu.

Redio akaja na chai yake. "Loo! Leo tumehamia kwenye ushonaji. Utanishonea na mimi suruali?"

"Nikimaliza hii nitakushona mdomo, kaka. Kaa upande, unanizibia mwanga."

Kwanza alishona kwa urefu, vile kompyuta ilivyofanya. Nyuzi zilikwenda vizuri kwenye sakafu, zikaanza kulala kwenye ukuta, na kwenye kona ya paa zikabanana na kupishana ovyo. Hata Redio akasogea kuangalia. Kisha akazikata zote akaanza upya, safari hii kwa kuhesabu kona. Kona ya sakafu juu na kona ya sakafu chini, uzi mmoja, hapo mnakutana. Akafika kwenye paa. Chini kuna ncha moja, juu kuna mviringo mzima. Akapitisha uzi kutoka mwanzo wa mviringo hadi kwenye ncha. Akapitisha mwingine kutoka katikati ya mviringo hadi kwenye ncha ileile. Na mwingine kutoka mwisho wa mviringo, ncha ileile. Nyuzi zikafunguka kama ufagio, chini zimefungwa pamoja, juu zimetandazwa.

"Wa ndani anasimama," akasema kwa sauti, peke yake. "Wa nje anazunguka."

"Nani anazunguka?" Redio akauliza.

"Wewe. Zunguka uende kwenye lathe yako."

Akarudi kwenye kompyuta akaweka alama za kukutana, moja kwa kila kona, na pale paani akaandika kwamba wa chini abaki nchani mpaka wa juu amalize mviringo wake. Picha akaigeuza ubavu. Ilikuwa imenyooka. Angeweza kushangilia, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo akachukua kipande cha alumini cha kutupwa akakata cha majaribio kwanza.

Kiini kikatoka. Bosi akakichukua, akakigeuza. "Umefika," akasema. "Kesho weka bonge."

"Bado, Bosi. Tazama hizi kona za chini, za paa." Zilikuwa zimelika, zimekuwa butu, kana kwamba panya kazitafuna. Alikuwa ameshaelewa kwa nini. Yule wa chini anaposimama kungoja, cheche hazisimami. Zinaendelea kula palepale aliposimama. Anayengoja naye lazima apunguziwe moto, yaani nguvu ya cheche.

"Dada, kiwanda kinanipigia simu kila siku. Hiyo ni kona ndogo, nani ataiona?"

"Plastiki itaiona."

"Kompyuta imekubali, kiini kimetoka, unataka nini tena?"

"Nataka kona!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na lathe ya Redio ikazimwa ili mwenyewe asikie. Msokoto akaishusha sauti. "Bosi, ulisema likiharibika narudi kutoboa. Basi kama ni kurudi, nirudi kwa kosa langu, si kwa haraka yako. Wakipiga simu waambie fundi yuko kazini."

Bosi akamtazama, akatikisa kichwa, akatoka nje kupokea simu. Walimsikia kupitia dirishani: "Ndiyo, ndiyo. Fundi yuko kazini."

Alikata alumini tena, na tena. Akipunguza moto sana, waya unasuasua na kugusa kona. Akipunguza kidogo, kona inaliwa. Wenzake walishazoea kumwona ameinama na kioo cha kukuzia jichoni, akisonya, akirudi kwenye kompyuta, akibadilisha namba moja, akirudi majini. Alijikaza kisabuni hivyohivyo mpaka ikatokea alumini yenye kona kali tano chini na paa laini juu, akaiweka mezani kwa Bosi. Bosi akazikagua kona moja moja. Alikwenda kabatini akaleta lile bonge la pili mwenyewe.

Siku ya kukata hakula kitu. Alilifunga bonge, akapima unyoofu wake, akapima tena, akapitisha waya kwenye tundu la kuanzia katikati ya sakafu. Akajaza maji. Akabonyeza. Cheche zikaanza kunong'ona humo ndani, na waya ukatambaa kwenye sakafu, ukapita kona, ukaanza ukuta.

Kona ya kwanza ya paa ilipokaribia, lathe ilinyamaza. Redio alikuwa amesimama nyuma yake. Bosi akaja na kikombe asichokinywa. Kishikio cha chini kikafika nchani kikasimama. Sauti ya cheche ikashuka, ikawa nyembamba, na kile cha juu kikaendelea kuzunguka pole, pole, pole. Mwanamke aliushika ukingo wa mashine mpaka vidole vikafa ganzi. Palepale ndipo waya ulipokatika mara ya kwanza. Palepale ndipo ulipokatika mara ya pili.

Haukukatika. Kile cha chini kikaondoka, vyote viwili vikapanda paa pamoja.

Kilele kikapita, kona ya mwisho ya paa ikapita, ukuta, sakafu. Kabla ya kukata kile kipande cha mwisho alikibana kiini kwa sumaku kisitikisike, akamalizia, akatoa maji. Bosi akanyoosha mkono kuchukua nyundo ya mpira, kwa mazoea.

"Iache," mwanamke akasema.

Akatia kidole gumba chini, akasukuma. Kiini kikapanda na kutoka chote, bila kukwaruza, bila ubishi, akakishika kwa mkono mwingine. Kuta za tundu zilikuwa zinang'aa, zimeteremka moja kwa moja kutoka nyumba kubwa hadi nyumba ndogo.

"Msokoto," Redio akasema, "basi sasa tukuite nani?"

"Niite hivyohivyo. Nimeshalizoea, na sina muda wa jina jipya."

Bosi akalipima lile bonge juu, akalipima chini, akamulika tochi ndani akachungulia muda mrefu. Alipoinuka akaizima tochi. "Kule kwenye kutoboa," akasema, "itabidi nitafute mtu mwingine wa kudumu." Akaondoka na bonge lake kifuani kama amebeba mtoto mchanga.

Bonge lilikuwa la kiwanda, lakini kiini hakina mwenyewe. Kazi yake ni kutupwa. Msokoto alikitia mfukoni akaenda nacho nyumbani.

Mama alikuwa ameketi kitandani, anasikiliza mtaa kupitia dirishani. Alizijua hatua zake. "Mkwe wangu, leo unatembea upesi."

"Nimekuletea kitu, Mama."

Akamwekea kiini kiganjani. Mama akakipapasa upande mkubwa, akatambaa na kidole kwenye mviringo wa paa, akageuza, akazigusa zile kona kali za upande mdogo, moja moja, akaitikia kwa kichwa kwa kila moja. Kisha akaweka kidole juu, ubavuni, akakishusha. Kilishuka chote bila kusimama. Akarudia ubavu mwingine. Akarudia mwingine tena, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganywa na bahati.

"Kimenyooka," akasema. "Wamekutana kona zote."

Msokoto hakulia bonge la kwanza lilipoharibika, wala alipotishwa kurudishwa kwenye kutoboa, wala mbele ya Redio na kicheko chake. Sasa machozi yakamtoka yenyewe, akakaa sakafuni kando ya kitanda akalia kwa raha zake zote, na Mama akamwekea mkono kichwani bila kumbembeleza.

Mume wake akaingia na kitana sikioni, akawakuta hivyo, akababaika. Alipoonyeshwa kiini akafurahi, akapiga magoti papo hapo. "Basi hili baya nalitoa," akasema, akijipenyeza chini ya kitanda. "Nitachonga kigingi kizuri cha mbao. Aibu kumlaza mama yangu juu ya chuma kilichoharibika."

Mama akampiga fimbo ya mgongo, kidogo tu. "Toka huko. Hilo liache hapohapo."

"Mama, si ulisema likae mpaka alete lililonyooka?"

"Nilisema. Lakini ndilo linalonishikilia nisianguke, na mimi ninyi mkienda kazini nalala peke yangu humu." Akakigeuza kiini mara moja zaidi, akakitia chini ya mto wake. "Na hiki hakitoki tena. Haya, mkwe wangu, futa uso, ule. Chakula kiko mezani, na kwa sauti yako najua leo hukula."